Jogoo Ameingia, Bibi Kimebaki

Nchi ya Upatanisho haiko mbali. Ukiitafuta kwa miguu utaipita. Ukiitafuta kwa ulimi utajikuta umesimama getini kwake, jasho linakutoka, na hujui umekosea neno gani.

Bi Sikudhani aliitafuta kwa vyote viwili. Alikuwa na miaka sabini na ushei, ushei anaujua mwenyewe. Alikuwa muuza vitumbua, na shule alifika darasa la nne, ambalo alilisoma mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza hakupendezwa na lilivyoisha. Kwapani alibeba jogoo mwekundu wa kuwapelekea wakwe. Bintiye wa pekee, Kibibi, alikuwa ameolewa huko miaka sita, na sasa alikuwa na mtoto mchanga wa miezi saba ambaye bibi yake hajamtia machoni.

Safari yenyewe tuiache. Safari zote ni vumbi na kiu. Tuanze getini.

Getini alikaa karani mwenye kalamu nyekundu sikioni. Kifuani alibandika kibao cha jina: MTORO. Bi Sikudhani alikisoma, akakisoma tena. Nchi iliyomweka mtu aitwaye Mtoro alinde mpaka! Akaona kumbe hakupoteza nauli.

"Hodi, mwanangu."

Mtoro alimtazama jogoo, uso ukamkunjuka. "Karibu sana! Umetoka mbali? Umechoka?"

"Nimechoka, baba, hii miguu..."

"Sisemi na hiki," Mtoro akasema kwa upole kabisa, macho bado kwa jogoo. "Nasema na yeye."

Akafungua daftari kubwa, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Jogoo, mmoja. Ameingia." Akagonga muhuri. Halafu akafungua daftari la pili, jembamba, lenye madoa ya chai, akauliza ukuta: "Kinaitwaje?"

Bi Sikudhani aligeuka nyuma kuangalia kama kuna kitu kimeletwa. Hakukuwa na kitu. "Mimi? Sikudhani."

"Hakikudhani nini?"

"Ndilo jina langu. Sikudhani."

"Kitu hakidhani," Mtoro akasema, akiandika. "Naweka: Hakikudhani."

Kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alimweleza sheria, ingawa alielekeza maelezo yote kwa jogoo. Wana wa Upatanisho ni watu wa ngeli ya kwanza, M na WA. Mtu anakwenda, watu wanakwenda. Hata majina yao yote huanza na M, na aliyerithi jina lisilo na M hubandikiwa. Ila chochote kinachotoka nje si cha ngeli yao. Kinawekwa kwenye KI na VI, pamoja na viti na vijiko, mpaka Baraza liamue vingine.

"Na huyu jogoo?" Bi Sikudhani akauliza. "Naye katoka nje. Tumetoka naye nyumba moja."

"Mnyama ni A. Jogoo anawika, mbuzi anakula, nzi ameruka. Sarufi ndivyo isemavyo, si sisi."

"Na chawa?"

"Chawa anauma."

"Basi nikiwa na chawa kichwani, wao wataingia kama watu, na mimi nitaingia kama debe la kuwabebea?"

Mtoro alifikiri. Alikuwa karani mwaminifu. "Ndiyo," akasema, akalivuta lile daftari kubwa. "Wapo? Wangapi? Maana inabidi waandikwe."

"Hawapo, baba. Nauliza tu."

"Kimefuata nini huku?"

"Nimemfuata mwanangu wa kumzaa, sina mwingine, Kibibi, mke wa Mbaruku."

Mtoro akaandika: Kimefuata kitu kilichotoka tumboni mwake, nacho ni kimoja tu, Kibibi. Akambandika Bi Sikudhani kitambaa chenye herufi mbili, KI, juu ya kanga, begani. "Na kisijiite mimi," akaongeza. "Mimi ni ya watu. Kikiona kiu kiseme: hiki kinaomba maji."

Bi Sikudhani aliingia Upatanisho akiwa nyuma ya jogoo wake, hatua mbili, kama alivyoagizwa. Na kichwani mwake alimsikia Mwalimu Chamshama wa darasa la nne, marehemu, na fimbo yake ya mpera, akipiga meza: "Kinachopumua, mpe A! Kiwe kipofu, kiwe kijana, kiwe kifaranga cha jana, maadamu kinapumua, mpe A!" Alichapwa viboko sita kwa sheria ile. Hakutaka kuamini kwamba viboko vile vimekwenda bure.

Mji ulikuwa safi na watu wake walikuwa wapole, wao kwa wao. Alipouliza alijibiwa, ili mradi aliyejibu apate mbuzi au paka wa kumtazama. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba nchi ile haina vijana. Neno lile lilikutwa na KI mbele yake likafutwa, na tangu hapo mtu hulala mtoto na kuamka mzee, kwa kawaida siku ya harusi yake. Vinyozi nao walifutwa, na wanaume wakakaa miaka mitatu na nywele mabegani mpaka ilipopitishwa kwamba mnyoaji ni halali. Kiongozi ndiye aliyewasumbua zaidi. Walimvumilia, kisha wakamvumilia tena, halafu siku moja mtu akaisoma ile KI kwa sauti sokoni, na kufika adhuhuri nchi ilikuwa haina mkubwa. Sasa wanaye Msahihishaji Mkuu.

Katikati ya mji aliliona jengo la Baraza, refu, jeupe, na juu ya mlango limechongwa kwa herufi za dhahabu: NYUMBA CHETU YA HAKI.

Bi Sikudhani alisimama. "Nyumba chetu?" akamwambia paka wa bawabu. "Hata mie wa darasa la nne..."

"Shii!" bawabu akasema.

Kibibi alimwona mama yake akiwa bado njiani, akaacha mwiko kwenye chungu, akatoka mbio, kanga moja ikabaki mlangoni. Akamkumbatia pamoja na jogoo.

"Mama! Kimefurahi! Hiki kimefurahi, mama, kilidhani hakitakuona tena!"

Bi Sikudhani akamshika mabega, akamsogeza mbele kidogo amwone vizuri. "Nani kimefurahi?"

"Hiki," Kibibi akasema, na kujigusa kifua, kama mtu anayeonyesha kabati.

Bi Sikudhani alikuwa na mzaha kwa kila jambo. Aliwahi kuchekesha msibani, tena msiba wa mumewe mwenyewe. Pale alimwongoza bintiye mlangoni, akamfunga ile kanga iliyobaki.

Barazani alikaa mkwe, mama yake Mbaruku, mwanamke mnene aitwaye Mwanamvua, anachambua mchele. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili. "Karibu mgeni, karibu, jisikie nyumbani." Halafu akauambia mchele: "Na hiki kiwekwe kivulini, kisije kikaharibika."

"Hakiharibiki, mkwe wangu," Bi Sikudhani akasema. "Kimekaangwa kwa mafuta mengi."

Mdomo wa Mwanamvua ulicheza upande mmoja. Akaurudisha haraka, akaendelea kuchambua.

Mbaruku aliporudi kutoka kazini alifunga mlango, akafunga madirisha, akasokomeza tambara chini ya mlango. Ndipo alipopiga goti. "Shikamoo, mama. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe unaweza."

"Humu ndani tunaweza. Nje kuna masikio." Alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye haya. Barabarani husema "mke wangu kimepika", akila husema "amepika", na mara nyingine, Kibibi alieleza, huchanganya katikati ya tonge na kupaliwa.

Kitandani alilala mtoto wa kike, mnono, ngumi mbili zimekunjwa. Juu ya kichwa chake serikali ilipigilia kibao: –TOTO. Mbele ya T palikuwa na kistari tu.

"M imeanguka?" Bi Sikudhani akauliza.

"Haijawekwa," Kibibi akasema. "Wala KI haijawekwa. Wanangoja kesho kutwa."

Hapo ndipo alipoelezwa jambo lililomfanya ashindwe kula. Kesho kutwa Kibibi alikuwa anapelekwa Barazani kuomba kuhamia ngeli ya watu. Alikwisha kuomba mara mbili akakataliwa, na hii ilikuwa ya tatu, nayo ndiyo ya mwisho. Akikataliwa, anatolewa getini siku hiyohiyo, na mtoto anabaki.

"Anabaki vipi, na ananyonya?"

"Atakuwa kitoto," Mbaruku akasema, kichwa chini. "Kitoto ni kitu cha nyumba. Vitu vya nyumba havitoki na kitu kingine. Meza ikitolewa, haiondoki na kiti."

"Si wewe ni mtu? Mtoto wa mtu si mtu?"

"Sheria inasema, mtu ni yule aliyetoka tumboni mwa mtu. Nimewaambia mimi ni baba. Wakanipima tumbo. Wakasema halijatoa kitu."

"Na Kibibi..."

"Ametoka tumboni mwako, mama. Na wewe ni kitu. Juzi, katika ombi la pili, walisema wazi: kilete mama ambaye ni mtu, mambo yamekwisha."

Bi Sikudhani alitazama KI iliyokuwa begani kwake. Aliwahi kuitwa majina mengi katika maisha yake, na mengine alistahili. Ila hakuwahi kufikiri kwamba jina lake lingemfungia mlango mtoto wake.

"Na huyo msahihishaji wenu," akauliza taratibu, "yeye akikosea, nani anamsahihisha?"

Mbaruku alishtuka. "Yeye hakosei. Akikosea, kosa lake ndilo linakuwa usahihi. Siku ya kufungua jengo alitaka kusema nyumba yetu, akapiga chafya, ikatoka nyumba chetu. Karani alikwisha andika. Wino mwekundu haufutwi na wino mwekundu. Wakachonga hivyohivyo."

"Aa," Bi Sikudhani akasema, akaomba mchuzi.

Siku ya Baraza ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kibibi alisimamishwa kwenye zulia dogo katikati, mahali panapowekwa vielelezo. Mbaruku na Mwanamvua waliketi viti vya watu, mtoto yumo mapajani mwa Mwanamvua. Bi Sikudhani aliwekwa nyuma, juu ya jukwaa la ngazi nne ambako huhifadhiwa vitu vikubwa. Jogoo alipewa kiti kando yake.

Msahihishaji Mkuu aliingia na kalamu yake. Alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusubiriwa. Mbele yake palikuwa na kibao cha jina: MKIBWANA. Bi Sikudhani ana macho mazuri ya mbali. Aliona kwamba herufi zote zimechakaa sawasawa isipokuwa ile M ya mwanzo, ambayo rangi yake ilikuwa bado mbichi.

Mjumbe Msafiri, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka maishani, alianza. "Kitu hiki kimekaa kwetu miaka sita. Kinapika uji wa shule nzima. Watoto wetu wamenenepa. Nasema kipewe A."

"Hata chungu kinapika," akadakia Mjumbe Mwanaisha. "Tukipe A na chungu?"

"Chungu hakiamki alfajiri."

"Kikiwashiwa moto kinaamka."

Karani wa Baraza aliandika kwamba chungu huamka.

Akasimama mjumbe wa tatu, Mzee Makame, mwenye kikohozi. "Mimi malalamiko yangu ni mawili. La kwanza, vitu hivi vya nje ni vivivu, havitaki kazi. La pili, vimetuchukulia kazi zote."

"Yote mawili yaandikwe," akasema Msahihishaji Mkuu.

"Samahani," Mjumbe Msafiri akauliza, "kabla yake, kazi ya uji ilikuwa ya nani?"

"Haikuwa ya mtu. Watoto walikuwa hawanywi uji."

"Basi imechukuliwa kwa nani?"

Mzee Makame alikohoa kwa muda, labda kupata nafasi ya kufikiri. "Kwa yule ambaye angeitaka," akasema. Ukumbi ukapiga makofi, na mtu mmoja pale nyuma akatokwa na machozi.

Mjumbe Mwanaisha akamaliza kwa hoja aliyoiita ya kitaalamu. "Ya nini kuhangaika? Tulisome jina. Ki-bibi. KI iko mbele, kila mwenye macho aione. Kimejitaja chenyewe."

Kibibi aliinamisha kichwa juu ya zulia lake. Hapo Bi Sikudhani akanyanyuka.

"Naomba kusema."

Ukumbi ulipiga kelele. "Kimesema naomba! Kimesema na!" Kalamu nyekundu ikapanda juu. Bi Sikudhani akakaa upesi, akakunja mikono kama kabati lililofungwa. Halafu akanyoosha mkono kwenye kiti cha jirani, akampakata jogoo.

"Jogoo anaomba kusema."

Walifungua daftari kubwa la getini. Jogoo, mmoja, ameingia. Muhuri upo. Hakuna kifungu kinachomzuia A kusema Barazani. Msahihishaji Mkuu alipekua kitabu cha sheria mbele na nyuma, akavua miwani, akaivaa. "Jogoo aseme," akasema. "Kitu kitafsiri."

Bi Sikudhani akamminya jogoo kidogo chini ya bawa. Jogoo akawika, taa zikatikisika.

"Anasema, hamjambo wote, wakubwa kwa wadogo, na anawashukuru kwa kiti."

"Yote hayo kwa kuwika mara moja?" akauliza Mjumbe Mwanaisha.

"Majogoo hawana maneno mengi. Ndiyo maana hawana mabaraza." Akamminya tena. "Anasema, Kibibi anamjua. Kibibi ndiye aliyekuwa akimtupia mama yake jogoo, yule kuku mweusi, makombo ya vitumbua. Anasema siku Kibibi alipozaliwa alikuwa mdogo, mwili kama kiganja, na amekunja uso kama bibi kizee aliyepewa chai isiyo na sukari. Mama yake akacheka, akamwita Kibibi." Akamminya mara ya tatu, na jogoo alikuwa ameanza kukasirika. "Anasema ile KI si ya kitu. Ni ya kumdekeza mtoto. Anasema wapo na wanaume, wazito, wenye kalamu, waliopewa KI hiyohiyo na mama zao, na hata ukipaka rangi juu yake..."

Msahihishaji Mkuu aliweka kiganja chake juu ya ile M, polepole, kama mtu anayefukuza nzi.

"Jogoo amekosea," akasema Mjumbe Mwanaisha. "Kasema ndiye. Kasema alipozaliwa."

"Ushahidi wa jogoo umesikika," Msahihishaji Mkuu akasema, bila kuinua macho, "na umewekwa kando. Hili ni ombi la tatu. Halikuleta mama ambaye ni mtu. Baraza linaamua kwamba kitu hiki, Kibibi..."

Akainua kalamu. Mwanamvua alikuwa amemfunika mtoto kanga mpaka usoni, kana kwamba hukumu ni mvua. Mbaruku alisimama, akakaa, akasimama. Kibibi hakulia. Alikuwa akimtazama mama yake, kama alivyokuwa akimtazama zamani alipotaka abebwe.

Bi Sikudhani akanyanyuka juu ya jukwaa la ngazi nne. Akamwachia jogoo. Macho yakageuka meupe, mkono ukatafuta ukuta usioupata, mwili ukaenda mbele, ukarudi, ukaenda mbele tena.

Wapo hadi leo wanaosema ni joto, na wengine wanasema ni miguu ya uzee. Bi Sikudhani mwenyewe alitembea miaka arobaini na sinia la vitumbua kichwani, mvua na matope, na hakuwahi kuangusha hata kimoja. Ila hilo hakuulizwa.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Mwanamvua. "Mkwe wangu! Anaanguka!"

Na ukumbi mzima, wajumbe, bawabu, wenye kuning'inia madirishani, wote pamoja: "Anaanguka! Anaanguka! Ataumia!"

Na Msahihishaji Mkuu, kalamu imemtoka mkononi, kiti kimepinduka, anashuka mbio na unene wake wote, mikono mbele: "Mshikeni! Mshikeni mama wa watu!"

Wakamshika. Walimdaka watu saba, mmoja wao Mzee Makame, na kikohozi chake chote. Wakamlaza chini taratibu, wengine wanampepea kwa kitabu cha sheria.

Bi Sikudhani akafungua jicho moja.

"Karani," akasema, sauti dhaifu lakini inasikika mpaka mlangoni. "Umeandika?"

Karani, ambaye kazi yake ni kuandika na hajui nyingine, akatazama ukurasa wake. "Nimeandika."

"Soma, baba."

"'Mshikeni. Mshikeni mama wa watu.'"

"Mama wa nani?"

"Wa watu," karani akasoma tena, na sasa akaanza kuelewa alichoandika. Uso wake ukabadilika. Bila kuambiwa, akalifungua lile daftari jembamba la getini, lenye madoa ya chai, akafuata mstari kwa kidole. "Imeandikwa hapa kwamba tumboni mwake kimetoka kimoja tu, Kibibi." Akawageukia wajumbe. "Waheshimiwa, mama wa watu ana mtoto mmoja. Basi watu wenyewe ni..." Akaonyesha zulia.

"Ulimi uliteleza!" akasema Mjumbe Mwanaisha. "Mheshimiwa, sema uliteleza! Ulitaka kusema kishikeni!"

Watu wote walimgeukia Msahihishaji Mkuu. Yeye alikuwa bado amepiga magoti sakafuni, ameshika mkono wa Bi Sikudhani. Aliinua macho juu ya mlango, kwenye ile NYUMBA CHETU, ambayo kwa ndani pia imechongwa.

"Mimi siteleza," akasema mwishowe, akakosea hata hilo, na karani akaandika hivyohivyo. Ndiyo maana siku hizi huko Upatanisho husemi "sitelezi". "Kibibi ametoka tumboni mwa mtu. Ni mtu. Na aliyetoka tumboni mwake ni mtu. Baraza limefungwa."

Kelele zilipopanda aliinama kidogo. "Umeumia, mama?" akauliza.

"Kidogo tu, hapa kwenye kiwiko, baba."

"Mimi mama yangu aliniita Kibwana," akasema, chini kabisa, na hilo karani hakulisikia.

Jioni ile Mbaruku alifungua madirisha yote. Akachukua mkaa, akaandika M kubwa, iliyopinda, pale palipokuwa na kistari. Kibibi alizunguka nyumba nzima akijaribu neno lake. "Mimi. Mimi nimechoka. Mimi nina njaa. Mimi huu mto siupendi, sijawahi kuupenda." Alilalamika mpaka taa zikawashwa, hakuna aliyemkatiza, na mama yake aliyekuwa akimnyoosha tangu utotoni kwa kulalamika, alikaa akimsikiliza kama redio.

Mwanamvua alimletea Bi Sikudhani maji ya kunywa. "Sasa wewe mwanamke," akasema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza, "kweli ulikuwa unaanguka?"

"Na wewe mwanamke," akajibu Bi Sikudhani, "kweli ulikuwa umeshtuka?"

Walicheka, Mwanamvua akashika mbavu. Kisha wakaenda jikoni, kwa maana karamu ilikuwa bado na wageni walikuwa wanaanza kuingia.

Baraza lilimwomba Bi Sikudhani abaki. Walikwisha mwandikia na jina: Msikudhani. Akawashukuru sana, akasema asingependa kuwasumbua, kwao ameacha mchele umelowekwa. Alikuwa ameuloweka siku ishirini na mbili zilizopita, lakini hawakumuuliza.

Getini Mtoro alisimama kumuaga. "Umekaa vizuri, mama? Mjukuu umemwacha salama?" Maneno yalimtoka kwa shida kidogo, kama mtu anayevaa viatu vya sikukuu. Akambandua ile KI begani, akataka kuitupa.

"Niachie, mwanangu. Nitaibandika kwenye sinia. Vitumbua ni vyake."

Akampa. Halafu, kwa kuwa alikuwa karani mwaminifu, akafungua daftari kubwa na kupitisha kidole. "Wewe unatoka. Sawa. Lakini hapa aliingia jogoo mmoja. Ana muhuri. Alitoa hadi ushahidi Barazani." Akachungulia nyuma ya Bi Sikudhani, kushoto na kulia. "Yeye yuko wapi?"

Bi Sikudhani alitoa kijiti cha kuchokolea meno mdomoni, akakitazama, akakirudisha.

"Kilikuwa kitamu," akasema.